Misitu ya Kanda ya Ziwa: Sheria, Jamii na Nishati ya Kupikia

Uhai wa Ziwa Victoria unategemea pia miti iliyo nchi kavu. Udongo usioshikiliwa na mizizi husombwa na mvua hadi ziwani, ukafukia mazalia ya samaki na kurutubisha magugumaji. Kwa Mkoa wa Mwanza na mikoa jirani, hifadhi ya misitu ni suala la maji na kipato cha kaya. Mjadala uliopo ni kuhusu njia ya kuilinda.

Njia ya kwanza ni kutenga eneo kisheria. Kisiwa cha Rubondo, Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, kimedumu na misitu yake kwa kuwa hakina mashamba wala vijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mipaka ya namna hiyo ni wazi, lakini huhitaji doria za kudumu, na gharama yake hubebwa na wananchi wanaoondolewa katika ardhi.

Njia ya pili, iliyopewa nguvu na Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ni usimamizi shirikishi. Mfano wake mkubwa uko Shinyanga, ambako miti ilikuwa imefyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua kilimo cha pamba. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi. Hadi mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshewa uoto. Hata hivyo, ngitili hudumu pale tu ambapo uamuzi wa kijiji unaheshimiwa, huku mifugo na mahitaji ya mashamba yakiongezeka.

Njia zote mbili hukutana na swali la jikoni. Jiji hutumia mkaa, na kuni hutumika kubanika samaki mialoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mafanikio yake yatategemea iwapo mama lishe ataweza kumudu kujaza tena mtungi wa gesi uliokwisha.

Bila nishati mbadala, mpaka uliolindwa huhamishia shoka katika msitu usio na mlinzi. Bila mipaka, nishati safi pekee haizuii shamba jipya. Na bila wanakijiji kunufaika, hakuna doria itakayotosha.