Mwakangale ni nani?

Wadau, hebu muulizeni kijana yeyote wa Saza au Tunduma: John Mwakangale ni nani? Wengi watatikisa kichwa. Muulizeni habari za Mandela, atawapa mpaka mwaka aliotoka gerezani!

Basi sikilizeni. Mwanzoni mwa 1962 Nelson Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri, akatua Mbeya. Songwe yetu ilikuwa bado ndani ya Mbeya, imemegwa juzi tu, 2016. Mwenyeji wake alikuwa huyo Mwakangale, mbunge wa TANU. Uhuru wetu ulikuwa haujatimiza hata miezi mitatu.

Mandela mwenyewe anasimulia katika kitabu chake cha 1994, Long Walk to Freedom. Mwakangale alishafika hotelini kumuulizia, ila mama wa Kizungu wa mapokezi akasahau kusema. Mteja mmoja Mwafrika akamuuliza yule mama, mama akaomba radhi. Jamaa akamwambia kwa upole, lakini bila kucheka, kwamba hawa ni wageni wetu, waangaliwe vizuri. Mandela anasema hapo ndipo alipojiona mtu huru kwa mara ya kwanza maishani.

Sasa mimi nasema hivi: uhuru haukuletwa na Mwalimu peke yake. Kwenye uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kisomo, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa fulani. Kibarua wa machimbo ya dhahabu ya Lupa angezitoa wapi? Watu kama hao hawakuwa na kura, lakini TANU ilikuwa yao pia. Na chama hakiwezi kuishi kwa hotuba za Dar es Salaam tu. Kinahitaji watu wa mikoani, wa kupokea wageni na kujibu maswali ya wananchi. Hao ndio tunaowaita "wadogo", halafu tunawasahau.

Tena Mwakangale ana bahati, mgeni alimwandika. Yule jamaa wa hotelini hata jina hatuna!

Jamani, wazee waliobaki Saza na Mkwajuni wanaondoka mmoja mmoja. Simu ya kurekodi unayo mfukoni. Kaa na babu, muulize nani alileta kadi za TANU kijijini kwenu. Au tunamsubiri mgeni mwingine atuandikie?

Naomba kuwasilisha.