npm link? Mimi siiamini

Ukiwa Nyeri na bando imebaki MB chache, npm link inavutia: haipakui kifurushi chako upya, inaweka tu njia ya mkato hadi kwenye folda yake. Lakini hapo ndipo inapodanganya. Kifurushi kinabaki na node_modules yake, kwa hiyo React inaweza kuingia mara mbili na huki zikagoma (kosa hilo linamaliza siku!). Tena faili uliyosahau kuitaja kwenye "files" utaiona ipo. Mteja wa Karatina akisakinisha, haipo.

Mimi natumia npm pack. Inatoa .tgz yenye faili zilezile zitakazochapishwa, nami naisakinisha hiyo. Inachosha, ndiyo, maana kila badiliko unapakia tena. Kama vifurushi vyote viko repo moja, tumia "workspaces" zilizokuja na npm 7 mwaka 2020.