Tulibadilika kwa Woga, Sasa Tubadilike kwa Nia

Msimu wa kahawa uliopita nilihudumu kwa wiki chache katika kliniki moja inayohudumia wakazi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Siku moja aliletwa mzee, mkulima wa ndizi na kahawa, upande wake wa kulia ukiwa umepooza na maneno yakimtoka kwa shida. Daftari lake lilionyesha kwamba miaka miwili nyuma aligundulika kuwa na shinikizo la juu la damu, akapewa dawa za mwezi mmoja, na hakurudi tena. Nilimuuliza binti yake sababu. Akajibu kwa upole: “Daktari, baba alipona. Kichwa kiliacha kumuuma, akaona hana haja ya kuendelea.”

Katika jibu hilo sikuona uzembe wala ukaidi. Niliona fikra moja tu: kwamba asiyesikia maumivu ni mzima. Fikra hiyo ndiyo iliyomfikisha mzee yule pale alipofika. Na sisi wahudumu hatuna pa kujificha, kwa maana daftari halikuonyesha kuwa kuna aliyewahi kumweleza vinginevyo.

Tunapozungumzia mabadiliko ya tabia, aghalabu tunaanzia kwenye tabia yenyewe: punguza chumvi, acha pombe, meza dawa. Tunasahau kwamba kila tabia hutanguliwa na wazo ambalo mwenye nalo hajawahi kulihoji. Anayeongeza chumvi kabla ya kuonja mboga hajaamua kuongeza. Anarudia tu alichofanya jana. Anayepitia kwenye rubisi kila jioni pengine hana hata kiu. Kuishi kwa nia ni kusimama kidogo kabla ya kurudia, na kujiuliza: je, hili nimelichagua mimi?

Wapo wanaosema kwamba watu wa vijijini hawabadiliki. Historia ya Kagera inawakanusha. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligundulika mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, mkoani humu. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba katika wilaya ya Karagwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyerwa ya leo, kiwango cha maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima kilishuka kutoka asilimia 4.5 mwaka 1987 hadi asilimia 2.6 mwaka 1999. Katika Bukoba Mjini, ambako hali ilikuwa mbaya zaidi, kilishuka kutoka asilimia 24.2 mwaka 1987 hadi asilimia 13.3 mwaka 1996. Yote hayo yalitokea kabla ya mpango wa taifa wa dawa za kufubaza makali ya VVU, ulioanza mwaka 2004. Ni kweli kwamba sehemu ya upungufu huo ilitokana na vifo vya wagonjwa. Lakini watafiti walioketi na wananchi walikuta pia mienendo imebadilika: kurithi wajane kulipungua, ulevi wa kupindukia ulipungua, na wachumba walianza kwenda kupima kabla ya ndoa.

Nini kiliwabadilisha? Kwanza ni woga. Familia zilizika vijana mfululizo, na hapakuhitajika mhadhiri wa kuwaeleza hatari. Lakini woga peke yake haudumu. Mlipuko wa ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Bukoba mwezi Machi 2023, ndoo za maji na sabuni zilionekana katika milango mingi. Mlipuko ulipotangazwa kwisha mwezi Juni, ndoo nyingi nilizoziona mimi zilirudi kazi zake za zamani. Kilichodumu katika vita dhidi ya UKIMWI ni kile kilichovuka woga kikawa desturi. Mchumba wa leo anayedai vipimo hahitaji kuwa amehudhuria mazishi ya miaka ile. Anadai kwa sababu ndivyo inavyofanyika.

Shinikizo la damu halitatusaidia kwa kututia woga. Halikondeshi mtu, na mara nyingi halina dalili yoyote. Mtu huanguka shambani, nasi tunasema ni mipango ya Mungu, au kwamba amerogwa. Kwa hiyo hapa panahitajika nia, na nia ninayoisema si ahadi ya mwaka mpya. Ni uamuzi wenye saa, mahali na shahidi. Dawa zikae karibu na kikombe cha chai ya asubuhi, na mke au mjukuu ajue zimemezwa. Chumvi itoke mezani ibaki jikoni; Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja kidogo cha chai. Na kabla kahawa haijauzwa, familia iketi igawe fedha ambazo bado hazijaingia mkononi: bima, nauli ya kliniki, ada za watoto. Uamuzi wa matumizi ukisubiri fedha ziingie mfukoni, mara nyingi huwa umechelewa.

Zaidi ya yote, tubadili swali tunalojiuliza. Badala ya “Je, ninaumwa?” tujiulize “Nilipimwa lini?” Mtu mzima ambaye vipimo vyake, vikirudiwa siku tofauti, vinafika 140 kwa 90 au kuzidi, ana ugonjwa hata kama anabeba mikungu miwili ya ndizi kwa mkupuo.

Najua nitaulizwa: nia itamfaa nini mtu ambaye zahanati yake haina dawa? Swali ni la haki. Kumhubiria nia mtu aliyetembea saa tatu akarudi mikono mitupu ni kumdhihaki. Ndiyo maana wito huu unatuhusu kwanza sisi watoa huduma. Mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi kadhaa badala ya mwezi mmoja. Asiyerudi afuatwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, si kwa lawama, bali kwa swali: nini kimekuzuia? Na vipimo viwafuate watu kwenye vyama vya msingi vya ushirika, pale wakulima wanapopanga foleni kupima kahawa. Penye mizani ya magunia hapakosi nafasi ya kipimo cha damu.

Siku ile tulimpima pia binti wa mzee. Shinikizo lake lilikuwa juu, na alipopimwa tena wiki iliyofuata lilikuwa juu vilevile. Aliitazama karatasi kwa muda, kisha akauliza: “Dawa hizi nitazimeza mpaka lini?” Nje foleni ilikuwa ndefu. Nilivuta kiti, nikaketi karibu naye, tukaanza kuzungumza.