Samaki Wakipona, Ogopa

Samaki wa mapambo wakifa mtaani kwetu, maji ya bomba hushtakiwa papo hapo. "Kama yameua samaki, sisi yatatuacha?" Nimeisikia hoja hii hosteli, nimeisikia kwa fundi wa matangi ya vioo, hata kwa mwenzangu tunayesoma naye shahada ya uzamili. Hoja tamu, lakini imeoza.

Kinachomuua samaki ni klorini, dawa ile ile inayotulinda sisi. Wewe unakunywa glasi moja, inaishia tumboni. Yeye anaishi humo, na maji yanapita kwenye matamvua yake usiku na mchana. Shirika la Afya Duniani linataka maji yamfikie mtumiaji yakiwa na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, na kiwango hicho kinatosha kuwadhuru samaki wengi. Kwa hiyo maji mazuri ya kunywa ni mabaya kwa tangi lako. Yaache siku nzima kwenye ndoo isiyofunikwa, au tia thaiosalfeti ya sodiamu. (Kwenye miji inayotumia kloramini ndoo haisaidii, dawa ni lazima.)

Mimi naogopa kinyume chake: siku samaki wanapocheza kwa raha kwenye maji yaliyotoka bombani moja kwa moja baada ya mgao wa siku nne. Klorini imeenda wapi? Bomba likikaa tupu, kila ufa hufyonza kilicho nje, yakiwemo maji ya mtaro na ya vyoo vya shimo. Samaki hatakwambia. Kule Kolkata, India, wanafugwa kwa majitaka ya jiji na wananenepa. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, hakuna perege aliyetutahadharisha.

Anayetaka kugombana na mamlaka ya maji agombane kwa jambo lenye uzito. Tudai vipimo vya klorini vya kila mtaa vibandikwe kila wiki kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, pamoja na siku ambazo maji hayakutoka. Kupima si kazi ngumu. Kichupa, kidonge kimoja, maji yanageuka waridi. Hayo ndiyo yenye klorini.

Niliazima kifaa maabara, nikapima bomba la uani tunapopanga. Maji yalibaki meupe. Mama mwenye nyumba akauliza, "Si meupe kabisa, mwanangu? Kuna nini tena?"

"Mama, tuchemshe."