KONA YA KOMPYUTA: Mashine inazima yenyewe, tusikimbilie kumlaumu mtoto

Ni sisi walimu wa kujitolea wa chumba cha kompyuta. Mwezi huu tunajibu swali ambalo tumeulizwa sana: "Mwalimu, kwa nini ile kompyuta ya mezani inazima yenyewe? Mara inaganda, mara skrini inakuwa ya bluu, mara inajiwasha upya mtu akiwa katikati ya kazi."

Tunajua inauma. Mtu amengoja zamu yake siku tatu, anaandika barua ya kutafuta ndugu yake au maombi ya masomo, akifika ukurasa wa pili mashine inakata. Kazi imepotea na zamu imekwisha. Halafu aliyekaa kwenye kiti ndiye anayeitwa mharibifu.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa darasa la mchana alisimamishwa hivyo hivyo. Mashine ilizima mara mbili mikononi mwake, watu wakasema eti ameingiza virusi kwa flashi yake. Mama yake akaja kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha. Basi tukafungua daftari linalokaa kando ya mashine ile. Kila ikizima, anayeitumia anaandika ni saa ngapi, imewaka kwa muda gani, na alikuwa anafanya nini. Katika wiki tatu ilizima mara 11, mikononi mwa watu 7. Mara 9 ilikuwa kati ya saa saba na saa kumi mchana, jua likichoma bati. Mara 2 ilikuwa jioni, baada ya kuwaka kutwa. Asubuhi haikuzima hata mara moja. Sasa, virusi gani hivyo vinavyongoja jua? Tulipofungua ubavu wa mashine, feni ya prosesa ilikuwa imefunikwa na vumbi jekundu kama blanketi. Tukasafisha, na kijana amerudi darasani.

Kwa hiyo sheria zetu ni mbili. Kwanza, andikeni kila inapozima. Pili, badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati, halafu mngoje muone. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja na mashine ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Sisi tunafuata mpangilio huu:

1. JOTO. Ikizima baada ya muda ule ule, au wakati wa jua kali, anzieni hapa. Zimeni, chomoeni waya wa umeme, gusa kwanza chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke. Safisheni kwa brashi laini kavu, mkiishika feni kwa kidole isizunguke. Jifungeni kitambaa puani. Kuna pia dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma chake cha kupoza. Ikikauka, joto halitoki vizuri. Mashine nyingi huonyesha joto la prosesa ukibonyeza Del au F2 mara tu inapowaka. Ikikaribia digrii 90, hiyo ni hatari.

2. UMEME. Ikikata ghafla bila neno lolote kwenye skrini, hasa jenereta inapobadilika mlio, tuhumuni umeme. Jaribuni soketi nyingine na waya mwingine. Anayejua kutumia mita apime waya wa njano unaotoka kwenye pawasaplai: unatakiwa uwe volti 12, usishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6. Tazameni na vile vikopo vidogo vya mviringo kwenye bodi kubwa ya ndani, vinavyoitwa kapasita. Juu yake panatakiwa pawe bapa. Vikivimba au kuvuja, bodi hiyo ni mgonjwa. Mashine nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilipata ugonjwa huo. ANGALIZO: Msifungue kamwe kisanduku cha pawasaplai chenyewe. Umeme unabaki ndani hata baada ya kuchomoa. Na kama nyuma yake kuna swichi nyekundu ya 115 na 230, huku kwetu ikae 230.

3. RAM. Ikileta skrini ya bluu ovyo ovyo, kila siku na sababu yake, chomoeni vipande vya RAM, futeni meno yake taratibu kwa kifutio safi cha penseli, mrudishe mpaka visikike "tak". Kama viko viwili, jaribuni kimoja kimoja. Kwenye Windows 7 na za baadaye, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta, nayo itapima RAM yenyewe.

4. DISKI. Ikiganda wakati wa kufungua mafaili, au mkisikia "tik tik" ndani, nakilini kazi zote leo leo kabla ya kitu kingine. Diski inayokufa haisubiri kesho.

5. VIRUSI NA PROGRAMU. Hii tunaiweka mwisho, ingawa wengi huanzia hapa. Ni kweli flashi huleta virusi, tena Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama mwaka 2014 na Windows 7 mwaka 2020. Pimeni kila flashi. Lakini mashine ikizima hata kabla Windows haijafunguka, flashi haina kesi.

Skrini ya bluu nayo ina ushahidi. Windows huwa imepangwa ijiwashe upya haraka, ndiyo maana hatuwahi kuisoma. Kwenye mipangilio ya kuwasha mashine, ondoeni alama penye Automatically restart, kisha nakilini namba kwenye daftari. Namba inayoishia 1A mara nyingi inaelekeza kwenye RAM, 7A kwenye diski, na 124 kwenye vyuma vyenyewe, pamoja na joto na umeme.

Wadogo zetu, wakati mashine inachunguzwa, bonyezeni Ctrl na S kila mkimaliza aya. Barua ya kutafuta ndugu haiandikwi mara mbili kwa moyo ule ule.

Wazazi, mtoto akirudi nyumbani na kusema "mashine imezima", msimpige wala msimfungie. Mwulizeni kama ameandika kwenye daftari. Na viongozi wa vituo vingine vyenye kompyuta, daftari la kurasa 48 linatosha. Liwekeni leo kando ya mashine, na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kupanga zamu ili wasichana wenye kazi za nyumbani nao wapate saa zao. Kaeni salama.