Daftari la Wiki: Kijapani cha Kuombea Maji

Kijana anayekwenda Japani kufundisha Kiingereza hupewa ushauri mwingi kabla ya safari, na karibu wote unahusu darasa. Wiki hii nasimama upande wa nyumba. Wengi hupanga vyumba vyao wenyewe, lakini yule anayebahatika kuishi na familia ya Kijapani hupata kitu ambacho hakuna semina itakayompa: anakuwa asiyejua mbele ya watu, asubuhi na jioni, tena kwa mambo yanayojulikana na mtoto wa miaka minne. Naamini hayo ndiyo mafunzo makubwa ya ualimu wake. Anayeyakimbia kwa kuigeuza nyumba ya wenyeji kuwa darasa la pili la Kiingereza anajipunja yeye, na anawapunja wanafunzi wake.

Malalamiko ya wageni wanaofundisha huko yanafanana. Wanafunzi wanaijua sarufi, wanaandika vizuri, lakini ukimuuliza mmoja wao swali jepesi anainama, anamtazama jirani, anasubiri bahari itulie. Husemwa upesi kwamba Wajapani ni watu wa haya. Sikubali. Watoto haohao, ukifika wakati wa chakula cha mchana, wanavaa aproni nyeupe na kofia, wanapakua supu na wali humohumo darasani, wanaitana na kucheka. Baadaye wanashika mafagio na matambara wanasafisha shule yao kwa kelele tele. Haya hiyo inakwenda wapi? Kinachowafunga midomo ni hesabu waliyoipiga vizuri. Mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu, uliochukua nafasi ya ule wa zamani mwaka 2021, unapima Kiingereza cha kusoma na cha kusikiliza, alama 100 kila upande. Kuzungumza hakuna alama hata moja. Palikuwa na mpango wa kutumia mitihani ya taasisi binafsi ili na kuzungumza kupimwe, ukaahirishwa Novemba 2019 na hatimaye ukaachwa, kwa hoja nzito kwamba mtoto wa kijijini na mtoto wa maskini wangeumizwa na ada na umbali. Hoja ile naiheshimu. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mwanafunzi anayefungua kinywa anajihatarisha kukosea mbele ya wenzake, na akipatia hapati chochote cha kupeleka chuoni.

Serikali haikukaa kimya. Mpango wa JET, ulioanza mwaka 1987, umepeleka makumi ya maelfu ya vijana wa kigeni katika shule na ofisi za mikoani, wengi wao wakiwa wasaidizi wa walimu wa lugha. Tangu 2020 Kiingereza ni somo kamili katika darasa la tano na la sita. Lakini mara nyingi mgeni ameishia kutumika kama kaseti: anasoma sentensi, darasa linaitikia, mwenyeji anaendelea na sarufi. Mgeni anayefanywa kaseti ni mtu ambaye wanafunzi hawajawahi kumsikia akikosea. Kwao, anayejua lugha ni yule asiyejikwaa kamwe.

Nyumbani mambo ni mengine. Chukua kuoga. Mtu huketi kwanza kwenye kigoda nje ya beseni, akajisugua kwa sabuni na kujisuuza hadi povu lote liishe. Ndipo anaingia katika beseni refu la maji ya moto, akakaa hadi mabegani. Maji yale si yake peke yake. Akitoka anafunika beseni ili joto lisipotee, na anayefuata anaingia katika maji yaleyale. Mgeni mara nyingi huambiwa atangulie, kwa heshima, na hapo ndipo ilipo hatari: aliyezoea kuzibua beseni baada ya kuoga atamwaga maji ya baba, mama, watoto na bibi. Ni kosa kubwa kuliko la kitenzi, na limeigharimu nyumba maji, moto na muda. Hata hivyo mama mwenye nyumba anajaza upya, kesho yake anamwonyesha kifuniko kwa mkono, na maisha yanaendelea. Kosa limesahihishwa kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa na haja, na aliyekosea hakuporomoka hadhi.

Lugha ya nyumbani husahihishwa vivyo hivyo. Kijapani kina namna zake za kuhesabu: vitu virefu kama kalamu vina hesabu yao, vitu bapa kama karatasi vina yao, wanyama wadogo wana yao. Msomaji wa Kiswahili anaielewa hali hii haraka, maana mgeni akisema “kitabu zangu”, hata mtoto wa chekechea atamrudisha kwenye ngeli. Mtoto wa nyumba ya Kijapani hufanya hivyo mezani, bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli lake, na mwalimu mtu mzima anarudia alivyosahihishwa na kuendelea kula. Katika tendo hilo dogo ameonja anachowadai wanafunzi wake kila siku.

Mfano wa zamani unaonipa nguvu ni wa Lafcadio Hearn. Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, baba Mwayalandi na mama Mgiriki, akafika Japani mwaka 1890 na kufundisha Kiingereza katika mji wa Matsue. Alimwoa Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai uliofilisika, na baada ya kuhamia Kumamoto nyumba yao ilikaliwa pia na wazee wa mkewe. Mwaka 1896 akawa raia kwa jina la Koizumi Yakumo. Kijapani chake kilikuwa cha kuombea maji: vitenzi havibadiliki, viunganishi vimedondoka. Setsu akajifunza kusema naye vivyo hivyo, na lugha yao ya ndani ikapewa jina la mumewe. Kwa lugha hiyo mbovu Setsu alimsimulia hadithi za kale, na Hearn alimtaka asisome kitabuni, aseme kwa maneno yake mwenyewe. Humo ndimo kilimotoka Kwaidan, kitabu kilichochapishwa mwaka 1904, mwaka aliofariki. Katika familia hiyohiyo Hearn alimfundisha mwanawe Kazuo Kiingereza kwa kipindi na kwa ukali, na kumbukumbu alizoandika mwana haziyaelezi masomo hayo kama raha.

Nitaambiwa kwamba Hearn alikuwa mume, tena mwandishi mwenye kipaji, na kijana wa leo ni mgeni wa miezi michache. Ni kweli. Lakini sidai mgeni aandike kitabu. Nadai asionee aibu Kijapani chake, na kwa hilo hakihitajiki kipaji. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la familia yenyewe. Wengi humpokea mgeni wakitumaini watoto wao watapata Kiingereza, na kula wali wao huku ukiwanyima lugha yako ni uchoyo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe lake hapa ni Kiingereza. Nalikubali, kwa mpaka: jembe hilo liwe na saa yake, baada ya chakula labda, mtoto akiwa ameridhia. Kuigeuza kila “pitisha chumvi” kuwa zoezi kutamfanya mtoto anyamaze mezani kama anavyonyamaza shuleni, na mgeni naye atamaliza mkataba akiwa hajawahi kusahihishwa na mtu yeyote.

Wengine watahofia heshima: mwalimu anayebabaika mbele ya wanafunzi, nani atamsikiliza? Hofu hiyo tunaijua hata kwetu, ambako mwanafunzi wa kidato cha kwanza Tanzania anaingia katika masomo ya Kiingereza na kunyamaza miezi mizima kwa kuogopa kuchekwa. Heshima ya mwalimu haikuweza kumfungua mdomo. Na mtihani je? Jiji la Tokyo lilianza mwaka 2022 kuwapima kuzungumza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari ya chini, na alama hizo kutumika katika kuwachagua wa shule za juu za jiji, kwa ubishi mwingi kuhusu usahihishaji wake. Mtihani utaweka alama mahali palipokuwa patupu, na hilo ni jema. Ila mazoezi ya kukosea bila kuumia hayatoki kwenye mtihani. Mwalimu anaweza kuyaanzisha Jumatatu kwa kuliuliza darasa, kwa Kijapani chake kibovu, takataka za plastiki hutolewa siku gani mtaani. Watamsahihisha kwa furaha, kisha naye awaombe wamweleze utaratibu huo kwa Kiingereza chao.