Je, uuze mifugo ili usomee shahada ya amani?

Vijana wengi wa kaunti zetu humaliza shahada ya kwanza, wakakaa nyumbani bila kazi, kisha wakajiuliza: je, nirudi chuoni nisomee uzamili wa masuala ya amani? Kwa familia nyingi za wafugaji, kujibu ndiyo ni kuuza ng'ombe au ngamia. Ndiyo maana tunalipima swali hili kabla ya karo kulipwa.

Masomo haya yapo hapa Kenya. Jijini Nairobi kuna Taasisi ya Hekima ya masomo ya amani na uhusiano wa kimataifa, iliyoanzishwa mwaka wa 2004. Kule Kakamega, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kinafundisha amani na mizozo katika kiwango cha uzamili. Mwanafunzi husoma vyanzo vya mizozo, upatanishi na jinsi ya kufanya utafiti.

Haja ya wataalamu ipo. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, na sheria ya mwaka wa 2008 ikaunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Mashirika yasiyo ya serikali nayo yana miradi ya amani, na anayetafutwa kuisimamia na kuandika ripoti mara nyingi ni mwenye shahada. Lakini nafasi hizo ni chache, nyingi ni za mkataba, na mfadhili akiondoka kazi huisha. Kamati za amani za mashinani, zinazofuatilia mifugo iliyoibwa na kutuliza vijana wasilipize kisasi, hutegemea wazee na akina mama wanaoaminika. Huko cheti si kigezo.

Tutazame Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilipokuwa zikiuana, akina mama, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni. Walihakikisha kila mwanamke, awe wa ukoo gani, anauza na kununua bila kuguswa. Kisha wakawafikia wazee, na mwaka wa 1993 yakapatikana makubaliano ya Al Fatah. Baadaye Dekha alishiriki kuandika kitabu cha mafunzo ya kushughulikia mizozo, kilichotoka mwaka wa 2000, na mwaka wa 2007 akapewa Tuzo ya Right Livelihood. Kazi ilitangulia, kitabu kikafuata.

Kwa maoni yetu, uzamili humfaa anayejua tayari ataupeleka wapi. Jiulize mambo matatu. Kwanza, umewahi kuketi na pande mbili zinazozozana, zikakusikiliza? Pili, nani atalipa? Shirika la Rotary, kwa mfano, hufadhili stashahada ya uzamili ya amani katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kwa watu wenye shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi. Tatu, je, kozi unayoitaka imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu?

Ikiwa swali la kwanza bado huna jibu lake, muulize chifu kamati ya amani ya lokesheni yenu hukutana lini, ujitolee. Ukishajulikana kwa kazi yako, utaomba ufadhili ukiwa na la kueleza. Kwa sasa, mifugo ibaki zizini.